Sura ya Nne: Jirani Asiyesali Nasi Anatusemaje?

Swali hili huulizwa kwa namna nyingi. Kibirizi, kwenye boti za kwenda Kagunga, huulizwa kwa utani: "Si umeokoka wewe? Mbona umri wa mtoto unapungua ukifika kwenye nauli?" Sokoni Mwanga huja kama onyo la muuza duka kwa mwenzake: yule usimkopeshe, anasali sana. Ujiji, mji wa misikiti na wa watu wenye adabu ya kizamani, huulizwa kwa upole: "Dini yenu inasema Mungu ni upendo, ndugu yangu. Sasa mbona..." Sentensi haimaliziwi. Anayesikiliza anajua yaliyobaki.

Sura hii inajaribu kuimalizia sentensi hiyo. Nimeiandika kwa ajili ya Wakristo wa Kigoma na mwambao wote wa Ziwa Tanganyika, na kwa yeyote anayepakana nao ukuta kwa ukuta. Nitasema "sisi" kwa kuwa nami ni mmoja wao. Ninaloamini ni hili: katika mwambao huu jina letu halikujengwa na mahubiri, wala halikubomolewa na mahubiri. Tangu wamisionari wa kwanza walipokuja kuweka makao Ujiji mwaka 1878, wenyeji wamekuwa wakitupima kwa mambo mawili. La kwanza ni jinsi tunavyomtendea mtu asiye na cha kutulipa. La pili ni jinsi tunavyoutumia mkono wa juu tukishaupata.

Mashtaka tunayosomewa

Kaa kijiweni, au chini ya turubai la msiba, usikilize bila kujitetea. Malalamiko dhidi ya Wakristo ni karibu yaleyale kila mahali:

1. Mnajiona wasafi kuliko wengine.
2. Ibada zenu zimejaa fedha: zaka, sadaka, ahadi, michango, na siku hizi mafuta na maji ya kuuza.
3. Kelele.
4. Mnasaidiana wenyewe kwa wenyewe. Jirani wa dini nyingine mnamkumbuka siku ya mkutano wa injili.
5. Wahubiri wenu wanagombanisha ndugu kwa kutaja wachawi.

La kwanza ni la zamani na linawahusu hasa walokole. Mlokole, kwa msomaji asiyelizoea neno, ni Mkristo anayetangaza hadharani kwamba ameokoka na kuacha maisha yake ya awali. Hapo mwanzo waliitwa hivyo wafuasi wa uamsho ulioshika kasi Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Tanganyika na Kenya. Siku hizi jina hilo anapewa Mpentekoste yeyote, hata Mkatoliki akizidisha rozari. Watu wamesahau kwamba walokole wa mwanzo walijulikana pia kwa jambo moja gumu: walirudisha vitu walivyoiba. Aliyechukua jembe la mwajiri alilirudisha. Aliyedanganya kwenye mizani alimwendea mteja wake akasema. Jirani asiyejua lolote kuhusu wokovu aliliona jembe limerudi. Ushuhuda wa siku hizi, wa kusimulia dhambi za zamani kwenye kipaza sauti huku deni la zamani bado halijalipwa, jirani anausikia tu. Haoni kitu.

Mashtaka mengine nitayarudia. Kwanza turudi nyuma kidogo, maana tumeyakuta mengi mezani kabla hatujazaliwa.

Msamaria wa Ujiji alikuwa nani?

Wageni wanaofika Ujiji hupelekwa kwenye makumbusho ya Livingstone, mahali ambapo Henry Morton Stanley alikutana na mmisionari huyo mwaka 1871. Husimuliwa habari ya mwembe na ya ile salamu maarufu ya Stanley. Sehemu inayonigusa mimi haisimuliwi sana.

Mapema mwaka 1869 David Livingstone alikuwa mgonjwa hoi, akikohoa damu, hawezi kutembea. Aliyemtafutia machela, akampa dawa na chakula na kumfikisha ziwani, alikuwa Muhammad Bogharib, mfanyabiashara Mwislamu. Oktoba 1871 Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema akiwa amedhoofika, akakuta bidhaa alizoletewa kutoka pwani zimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza. Kati ya waliojitokeza kumfaa siku hizo, kabla Stanley hajatokea, alikuwemo Said bin Majid, mfanyabiashara wa pembe. Kabla Mkristo yeyote hajamhudumia mtu wa Ujiji, Waislamu wa njia ya Ujiji walikuwa wameshamhudumia Mkristo.

Usikimbilie kuwafanya malaika. Misafara ya aina ile ilibeba pembe na watu, na Julai 1871, mjini Nyangwe, Livingstone alishuhudia kwa macho yake wafanyabiashara wakiwapiga risasi watu sokoni. Habari alizoandika juu ya mauaji yale zilisaidia kuisukuma Uingereza imbane Sultani wa Zanzibar mpaka soko la watumwa likafungwa mwaka 1873. Mtu aliyeichukia biashara ile kuliko kitu chochote aliokolewa na watu waliokuwa ndani yake. Ukiutafuta mfano wa Msamaria mwema katika historia ya ziwa hili, Msamaria ni mfanyabiashara Mwislamu, na aliyeangukia njiani ni mmisionari.

Yesu aliupanga mfano wake hivyohivyo. Mtu wa dini nyingine ndiye aliyetenda, na watu wa hekalu wakapita upande wa pili wa barabara. Sisi tuliosoma habari hiyo tangu shule ya Jumapili tumezoea kujiweka kwenye nafasi ya Msamaria. Mwambao huu ulituweka kwanza kwenye nafasi ya majeruhi.

Watoto walionunuliwa

Agosti 1878 walifika Ujiji wamisionari wa Chama cha Wamisionari cha London, akiwemo baharia Edward Hore, ambaye baadaye alilizunguka ziwa na kulichora ramani. Mwenzake, Thomson, alikufa wiki chache tu baada ya kufika. Januari 1879 wakafuata Wamisionari wa Afrika, shirika la Kikatoliki lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie, baadaye Kardinali. Kwa sababu ya kanzu zao nyeupe watu waliwaita Mapadre Weupe.

Mapadre hao walikuwa na mpango uliotokana na huruma ya kweli. Ujiji ilikuwa na soko la watu, na watoto walikuwemo sokoni. Mapadre wakawa wanawanunua kwa nguo na shanga, wakawaweka misheni, wakawalisha, wakawafundisha kusoma, kulima na kusali. Kazi hiyo iliitwa kukomboa watumwa. Watoto waliokuwa wafe njiani wakiburutwa kwenda pwani walipona. Hilo ni jema, na sitalipunguza.

Lakini simama nje ya ua wa misheni, mahali aliposimama jirani. Anaona mgeni anashusha nguo, anahesabu, anachukua mtoto, anaingia naye ndani. Jana mgeni mwingine alifanya vilevile. Tofauti imo moyoni mwa mnunuzi na katika yatakayompata mtoto baadaye, na vitu hivyo viwili havionekani sokoni. Tena kuna yaliyoonekana na ambayo hayakutusaidia: mtoto aliyekombolewa hakuwa huru kwenda atakako. Alikulia misheni, akaozwa kwa mwenzake wa misheni, akapewa shamba katika kijiji cha misheni chini ya amri ya mapadre. Wengine walitoroka.

Rumonge, kwenye mwambao ambao leo ni Burundi, mambo yaliharibika kabisa. Ulizuka ugomvi juu ya mtoto aliyekuwa mikononi mwa misheni. Majirani walitaka arudishwe, mapadre wakakataa. Tarehe 4 Mei 1881 mapadre Deniaud na Augier na msaidizi wao mlei, D'Hoop, wakauawa. Kanisa likawahesabu kuwa watu waliokufa wakimtetea mdogo, na kwa upande wao ndivyo ilivyokuwa. Waliowaua waliona watu wanaomshikilia mtoto wa watu.

Nimekaa kwenye kisa hiki kwa sababu ndicho chanzo cha shida yetu ya leo. Upendo unaoambatana na umiliki, kutoka nje, unafanana na umiliki mtupu. Mama anayepewa unga na kanisa, kisha akaulizwa mbona Jumapili hakuonekana, anajua amenunuliwa. Kijana anayelipiwa ada, halafu akaambiwa atahudhuria ibada gani na ataoa wapi, analijua hilo pia. Msaada wa hivyo unajaza viti kanisani na kuchafua jina nje, na wanaouona uchafu ni wale wasiokaa kwenye viti hivyo.

Mtu mmoja wa Karema

Kati ya watoto walionunuliwa na Mapadre Weupe kulikuwa na mmoja aliyetekwa karibu na Timbuktu, mbali kabisa na ziwa letu. Alivushwa jangwa la Sahara akiwa mdogo, mapadre wakamkomboa Algeria, wakambatiza kwa jina la Adrian. Ni Adrian Atiman. Lavigerie alikuwa amewapeleka vijana wa Kiafrika waliokombolewa kusomea udaktari katika kisiwa cha Malta, ili warudi barani wakatibu. Atiman alihitimu, akasafiri na msafara, akafika Karema, mwambao wa kusini-mashariki wa ziwa, mwaka 1889. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu.

Hakuondoka tena. Alitibu watu wa mwambao ule mpaka alipofariki mwaka 1956. Alioa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende, na mtoto wao Joseph akawa padre. Alifika wakati biashara ya watumwa bado haijafa, akaishi utawala wa Wajerumani, akaishi utawala wa Waingereza, vita kuu mbili zikampita, na Tanganyika ilibakiza miaka mitano tu ipate uhuru. Katika muda wote huo kazi yake ilikuwa ileile: wagonjwa wa Karema. Leo Sumbawanga kuna hospitali yenye jina lake, na nyumba ya Mapadre Weupe jijini Dar es Salaam inaitwa Atiman House.

Kinachonishangaza kwake ni urefu wa muda. Miaka 67 mahali pamoja! Mtu anaweza kujifanya mwema kwa wiki moja ya mkutano wa injili, hata kwa miaka mitatu ya mradi wenye ufadhili. Ukiwa mahali pamoja kwa miaka 67, wajukuu wa mgonjwa wako wa kwanza wanakujua ukiwa na hasira, ukiwa na njaa, ukiwa umefiwa. Jina zuri lililotokana na ujirani wa hivyo halihitaji kutetewa na mtu. Na kumbuka alikuwa mgeni, Mwafrika wa Magharibi asiye na ukoo hata mmoja kwenye ziwa hili.

Kwa ufupi: wenyeji wa mwambao walituona tukinunua watoto, na walituona tukitibu bila kuhama. Majina yote mawili ni yetu. Hatuwezi kulipokea la pili tukalikana la kwanza.

Ushindi wa uwanjani

Kigoma ina mchango wake katika jambo jingine lililogusa jina la Wakristo nchi nzima. Mihadhara ni mikutano ya wazi ambapo mhubiri husimama uwanjani akiwa na kitabu cha dini ya mwenzake, akionyesha kwamba kitabu hicho kinaunga mkono dini yake mwenyewe. Wawili kati ya waanzilishi wake upande wa Waislamu, Ngariba Mussa Fundi na Mohamed Ali Kawemba, walitokea huku kwetu, wakaandika kitabu Uislamu katika Biblia kilichosomwa sana miaka ya 1980. Wakristo wakajibu kwa mikutano yao. Biblia ikajibiwa kwa Kurani, Kurani kwa Biblia, na makundi ya vijana yakashangilia kama yako uwanja wa mpira.

Sina ugomvi na mjadala. Watu wenye imani mbili wanaoishi mtaa mmoja wakikosa kuzungumza juu ya imani zao, ujirani wao haujakamilika. Ninachokilalamikia ni zawadi tuliyoigombea. Tulitaka kushinda. Na waliposhinda wao, tulikwenda polisi. Februari 1998, Mwembechai, Dar es Salaam, malalamiko kutoka upande wa kanisa kwamba mihadhara inamtukana Yesu yalifika serikalini, kukafuata ukamataji, ghasia, na risasi. Watu walikufa. Wakristo wengi wamesahau jina Mwembechai. Waislamu wengi hawajalisahau, na wanalikumbuka hivi: kanisa lililalamika, dola ikapiga.

Unaweza kubishana nao juu ya nani alianza. Mimi nauliza swali dogo zaidi: Yesu tuliyekuwa tunamlinda asitukanwe alifanya nini alipotukanwa mwenyewe?

Ujiji kwenyewe, maisha yamekuwa na busara kuliko majukwaa. Koo nyingi zina Waislamu na Wakristo ndani yake. Msibani sufuria ni moja, na mchinjaji anachaguliwa kwa kuangalia nani atashindwa kula akichinja mwingine. Sikukuu ya Idd sahani za pilau zinavuka uzio kuelekea kwa Wakristo. Krismasi zinarudi zikiwa na kitu. Mhubiri anayekuja na spika kutoka mji mwingine hajui kwamba sahani hizo zipo. Anahubiri siku tatu, anakunja turubai, anaondoka, na sahani moja au mbili hazivuki tena mwaka ule.

Wavuvi wanalala mchana

Niseme juu ya kelele, kwa kuwa hili ndilo rahisi kurekebisha na ndilo tunalolikalia kimya.

Kigoma ni mji wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku, kwa taa, katika giza. Mvuvi wa Katonga au Kibirizi anarudi alfajiri, anauza, anakunywa uji, na saa tatu asubuhi anatafuta usingizi. Saa hiyo ndipo ibada ya katikati ya wiki inapofunguliwa, na spika zimetazama barabarani. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa hazivuti dagaa, wavuvi wanabaki nyumbani na kulala usiku kama watu wengine. Hapo ndipo tunapangia mkesha. Ukitaka kumkosesha mvuvi usingizi mwezi mzima, usingeweza kupanga ratiba bora zaidi ya hiyo.

Sheria ipo. Kanuni za mazingira za mwaka 2015 zinaweka viwango vya kelele, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, limekuwa likizikumbusha baa na nyumba za ibada kwa pamoja. Inauma kidogo kutajwa kwenye tangazo moja na baa, sivyo? Lakini hatukupaswa kungoja NEMC. Geuza spika zitazame ndani, punguza sauti, muulize mwenye boti analala saa ngapi. Hakuna andiko linalosema Mungu ana uziwi.

Fedha za miezi mitatu

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania ili samaki wazaliane. Miezi mitatu bila dagaa, bila migebuka. Waliokaukiwa walikuwa wavuvi, na nyuma yao wanawake wanaoanika, wachukuzi, mafundi boti, mama lishe, waendesha bodaboda.

Kipindi kama hicho ndicho mtihani wa kanisa. Ahadi za ujenzi zilizoandikwa mwezi wa Machi, mtu akiwa na boti majini, zilidaiwa mwezi wa Julai? Majina ya wasiomaliza michango yalisomwa mbele ya watu? Kila msomaji wa mwambao huu anajua jibu la kanisa lake. Jumuiya ndogondogo, yaani vikundi vya familia kumi au kumi na tano za Kikatoliki zinazosali nyumba kwa nyumba, zimeundwa kwa ajili ya nyakati za hivyo, kwa kuwa zinajua jiko la nani halijawashwa. Makanisa mengine yana vikundi vya nyumbani vinavyofanana na hivyo. Swali ni kama jiko la Mwislamu aliye katikati ya nyumba hizo nalo lilihesabiwa.

Wako pia wanaouza mafuta na maji. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana katika ibada ya hadhara, wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Wengi wetu tulisema: hao si sisi. Jirani hatofautishi madhehebu. Anaona msalaba ukutani na chupa sokoni.

"Adui yako yumo nyumbani"

Shtaka la tano ndilo zito kuliko yote, kwa sababu linaua.

Mkoa wetu umebeba sifa mbaya ya uchawi kwa muda mrefu. Mtu wa Kigoma akipanda treni kwenda Dar es Salaam hutaniwa tangu anapotaja anakotoka. Wapo wahubiri waliogundua kwamba hofu hiyo inajaza kanisa. Mama ana mtoto mgonjwa, anakwenda kuombewa, anaambiwa kwa unabii: adui yako yumo nyumbani, ni mwanamke, ana umri. Jina halikutajwa. Halikuhitajika, maana nyumbani kuna mwanamke mmoja tu mwenye umri.

Kuanzia hapo bibi hapewi mtoto kumbeba. Chakula chake kinaonjwa na jirani kwanza. Akiugua, anaambiwa vimemrudia. Katika mikoa ya magharibi na ya Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za namna hiyo, na kesi hizo zimeandikwa na magazeti kwa miaka mingi. Hutamkuta mhubiri kizimbani. Alisema neno, akapokea sadaka, akaenda kwenye huduma nyingine.

Hapa sioni haja ya kupima pande mbili. Kanisa linaloruhusu unabii wa kuwatuhumu wazee limeacha upendo, hata kama linaponya wagonjwa na kujaza viwanja. Wachungaji wanaoshirikiana na mtu wa namna hiyo kwenye jukwaa moja, kwa kuwa analeta watu wengi, wanajua wanachofanya.

Kagunga na Buta

Mei 2015, Burundi ilipotikisika, makumi ya maelfu ya watu walivuka mpaka na kurundikana Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya ziwa na mlima. Barabara haikuwepo. Kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba, iliyounganishwa Kigoma na Wajerumani mwaka 1915, ikawa inakwenda na kurudi ikiwaleta mjini watu mia kadhaa kwa safari, na Uwanja wa Lake Tanganyika ukawa kituo cha kupumzikia kabla ya safari ya Nyarugusu. Mashirika ya Kikristo yalikuwepo, kama yalivyokuwepo tangu zamani: Huduma ya Wakimbizi ya Kikristo ya Tanganyika, TCRS, inafanya kazi hiyo tangu mwaka 1964, na Kambi ya Nyarugusu ilikuwa imepokea Wakongo tangu 1996.

Mashirika yana jina zuri. Waumini tuna jina la wastani. Jumapili tulichanga nguo, na Jumatatu tukasema Warundi wanaleta wizi. Kibarua wa Kirundi anayelima shamba la mzee wa kanisa kwa nusu ya ujira anaijua Injili yetu kwa upande wa nyuma.

Na tusijisahaulishe kwamba wakimbizi wengi wa ukanda huu walikuwa wanawakimbia Wakristo. Rwanda mwaka 1994 watu waliuawa ndani ya makanisa, Ntarama na Nyarubuye, na baadhi ya wauaji walikuwa wamebatizwa kwenye visima vilevile vya ubatizo. Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha kwa dhambi za Kanisa na watu wake katika mauaji hayo. Miaka 23 ilikuwa imepita.

Weka kando yake habari ya Buta, seminari ndogo kusini mwa Burundi, si mbali na ziwa. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliingia bwenini na kuwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wakakataa. Waliuawa 40. Walikuwa wametumia miaka wakijifunza kuishi bweni moja wakati nchi nzima ikigawanyika, na siku ya mtihani hawakuwa na muda wa kufikiri. Hakuna aliyewaandikia hotuba. Hakuna mtu katika Maziwa Makuu, wa dini yoyote, anayeisikia habari hiyo na kuuliza kama Wakristo wanapendana.

Kujikagua bila kujitetea

Wachungaji wakitaka kujua kanisa lao linasemwaje, kwa kawaida huwauliza wazee wa kanisa. Hao ni watu wa mwisho wa kuulizwa. Ninapendekeza watu watatu, na kila Mkristo anaweza kuanza nao wiki hii:

- mtu unayemdai au anayekudai;
- mtu anayekufanyia kazi: dada wa kazi, kibarua wa shamba, baharia wa boti yako;
- jirani wa dini nyingine ambaye mmekaa mtaa mmoja muda mrefu.

Waulize swali moja: ni jambo gani nililokufanyia, au tulilokufanyia watu wa kanisa letu, ambalo hujalisahau? Kisha nyamaza. Usieleze mazingira yalikuwaje. Usitaje aya. Usiombe msamaha haraka ili mazungumzo yaishe. Wengine watakujibu kwa adabu kwamba hakuna tatizo. Rudi baada ya mwezi. Dada wa kazi anaweza asiseme lolote kwa kuogopa kazi yake, na ukimya wake utakuwa umekujibu.

Viongozi wa kanisa wafanye vivyo hivyo kwa pamoja, na kwa kuanzia waende kwa imamu wa msikiti wa jirani, kwa mwenyekiti wa mtaa, na kwa wavuvi wanaolala mchana. Waende na daftari, waache kipaza sauti. Watakayoandika wayasome kanisani kama yalivyo, kabla ya matangazo ya michango.

Nawe msomaji, usingoje kanisa lianze. Mwendee mmoja kati ya wale watatu kabla hujafungua sura inayofuata. Akikutajia deni, lipa siku hiyohiyo, na risiti usiipeleke kanisani kuitolea ushuhuda.